Safina ya Darasa la Pili

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, fundi seremala mwenye vumbi la mbao nyweleni alikuwa akimsimulia jirani yake, muuguzi aliyevaa sare. "Mwaka jana masista wa shule ya parokia walimpa mwanangu kazi ya nyumbani ya kufungia mwaka: atengeneze safina ya Nuhu kwa maboksi. Mimi nikachukua mbao ngumu, nikatia na bawaba."

Bawaba! Nilimwonea wivu.

"Siku ya kufunga shule, Sista akamwuliza aliijengaje. Akajibu, 'Sijui, Sista. Baba alinikataza kuigusa.' Basi nikaitwa mbele, nikapangwa mstari na watoto wa darasa la pili, nikakabidhiwa zawadi: penseli za rangi."

"Ukazipokea?" "Dada, si nimeshinda?" "Na mtoto kajifunza nini?" "Kwamba kazi ngumu anapewa fundi." "Hapo umemharibu." "Nimemsaidia!"

Walikuwa bado wanavutana basi liliposimama mbele ya shule. Nikainuka taratibu, nimekumbatia kanisa langu la maboksi, pamoja na mnara wake. Binti yangu, aliyekaa kando yangu, akanyoosha mikono. "Baba, nikusaidie kubeba?"

"Weka mikono chini," nikamwambia. "Gundi haijakauka."