Wanawake Arobaini na Mmoja wa Simu Moja

Mheshimiwa mgeni rasmi. Daktari mkuu wa kituo chetu cha afya. Ndugu wafadhili mliotuletea kompyuta. Wauguzi wenzangu, ingawa mimi ni karani wa mafaili tu, lakini miaka thelathini na miwili chini ya paa moja inatosha kuitana wenzangu. Ndugu wageni waalikwa. Akina mama mlioshuka kutoka mlimani. Na wewe mwanamke mwenzangu, fundi cherehani, uliyejibanza kule nyuma karibu na mlango ukidhani sikuoni. Nakuona. Habari za asubuhi nyote. Kama kuna mkubwa nimemruka anisamehe, maana leo kichwa changu hakijatulia.

Hakijatulia kwa sababu mpaka sasa sijaelewa nimeitwa hapa kufanya nini. Barua ya kwanza ilisema ni sherehe ya kuniaga, nikafurahi, nikashona gauni hili. Barua ya pili ikasema ni uzinduzi wa mfumo wa kompyuta. Nikajiuliza, jamani, sasa mimi ni bibi harusi au ni mpishi? Halafu jana nikapewa ratiba, na chini ya jina la hotuba yangu imeandikwa hivi: "Karani kukabidhi ufunguo wa chumba cha mafaili. Mafaili kupakiwa kwenye lori kwenda kuteketezwa." Huo mngurumo mnaousikia nje ndio lori lenyewe. Dereva hajazima injini tangu saa tatu, anasema betri yake ikilala haiamki. Basi nitapaza sauti, nanyi mnivumilie.

Nimepewa pia karatasi ya kusoma. Nisome? "Teknolojia ya habari na mawasiliano ni chachu ya maendeleo jumuishi na endelevu katika nchi zenye kipato cha chini." Asanteni kwa makofi. Sasa nani anieleze nimesema nini? Mstari unaofuata ndio ninaouelewa: "Tangu mfumo uanze kufanya kazi kwa majaribio, mahudhurio ya kliniki ya wajawazito yamepanda mara nne." Hilo ni kweli kabisa, nilikuwepo. Ila naomba niwaeleze yalipandaje, kisha Mheshimiwa wewe mwenye elimu utaniambia kama nishangilie au nilie.

Kwanza niwaambie kuhusu chumba changu. Mnaokifahamu mnajua dirisha lake lina nondo tatu na rafu zake ni mbao za maboksi ya sabuni. Mafaili yangu hayajapangwa kwa alfabeti. Mkaguzi mmoja aliwahi kunigombeza mbele za watu mpaka miwani ikamdondoka. Mimi nimeyapanga kwa njia ambazo watu wanatembea kuja hapa. Kuna Njia ya Kinu, Njia ya Kisima, Njia ya Shule na Njia ya Mlimani. Na ndani ya kila njia nimeyapanga nyumba kwa nyumba, kama mtu anavyozipita akipanda. Kwa nini? Kwa sababu muuguzi akiniambia mtoto fulani hajaletwa kuchanjwa, namtafuta yeyote anayeelekea huko namwambia, "Ukivuka kijito, mlango wa tatu, sema waje Jumatano." Hiyo ndiyo ilikuwa simu yangu. Ilichelewa, na mara nyingine ilisahau njiani, nakiri.

Ndipo akaja binti wa mfumo. Simama mwanangu wakuone. Huyu binti hana kosa, namsema kwa mapenzi. Alikaa mezani kwangu wiki tatu akiandikisha wagonjwa, na kila mmoja alimuuliza jina, umri na namba ya simu. Huko alikosomea kila mtu ana simu yake, hata mtoto wa shule. Kwa hiyo mfumo ukaambiwa umtambue mtu kwa namba. Majina yanafanana, tarehe za kuzaliwa nyingi ni za kukisia, lakini namba ya simu ni ya mtu mmoja tu. Si ndivyo? Binti anatikisa kichwa. Ndivyo ilivyotakiwa kuwa.

Sasa nyinyi wa mlimani mnacheka kwa sababu mnajua. Kule mtandao haushiki ila sehemu moja, kibarazani kwa fundi cherehani, pale njia panda. Isitoshe ni yeye mwenye sola ya kuchajia. Ukitaka kumpata mtu wa mlimani unampigia fundi, naye anatoka barazani anaita, au anamtuma anayepita. Basi binti akiuliza namba ya simu, mama wa kwanza akataja ya fundi. Wa pili akataja ya fundi. Hakuna aliyedanganya! Mtu akikuuliza unapatikana wapi, si unataja unapopatikana? Wakaitaja wajawazito arobaini na mmoja, na kabla yao wote fundi mwenyewe alikuwa ameshajiandikisha kwa ajili ya mgongo wake.

Asubuhi moja daktari akaniita ofisini. "Bi Faili, njoo uone maajabu." Nikavaa miwani, nikaangalia kioo cha kompyuta. Fundi cherehani, umri miaka hamsini na sita, mjamzito. Mimba arobaini na moja. Makundi yote ya damu anayo yeye.

"Daktari," nikasema, "huyu si hata mtoto mmoja hajajaliwa?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Unaniuliza mimi? Kompyuta si ya kwenu?"

Tulicheka, sikatai. Binti akaahidi kuwatenganisha akipata nafasi, na kazi ikaendelea. Lakini mfumo wenyewe haukuwa na habari. Kila ilipofika siku ya mmoja wao, ukatuma ujumbe kwenye simu ya fundi: "Mama mpendwa, kesho ni siku yako ya kliniki." Jina haliandikwi, wanasema ni siri ya mgonjwa. Fundi akausoma, akaigeuza simu huku na huku, mama mpendwa ni nani? Asije akamwacha mtu, akatoka barazani akawaita wote. Kesho yake nikaja kazini nikakuta wanawake arobaini na mmoja kwenye benchi la watu kumi. Wiki ileile wakaja tena wote. Na tena. Hivyo ndivyo mahudhurio yalivyopanda mara nne, Mheshimiwa. Makao makuu walituandikia barua ya pongezi, iko ukutani, unaweza kuisoma ukitoka.

Ninyi mnacheka. Na mimi nilikuwa nacheka mpaka siku ile ya Ijumaa.

Mashine yetu ya kupimia damu ilikuwa imeharibika, kwa hiyo damu za wajawazito zilikuwa zinapelekwa hospitali kubwa kwa pikipiki, kila kichupa kimebandikwa namba ya simu. Majibu yanarudi kwenye kompyuta. Ijumaa ile fundi akapata ujumbe ambao hajawahi kuupata: "Mama mpendwa, damu yako imepungua sana. Ni hatari. Njoo kituoni leo hii." Fundi aliacha nguo ya watu chini ya sindano ya cherehani, akapanda mlima mwenyewe na mgongo wake ule, akagonga mlango mmoja mmoja. Wakashuka. Wengine walikuwa wanalia njiani, kila mmoja akijitazama viganja.

Muuguzi akawaangalia macho, ndimi, viganja, mmoja baada ya mwingine, jasho linamtoka. Hakuna aliyekuwa na hali mbaya kiasi hicho. Nikasikia anasema, "Hayumo humu. Kuna ambaye hajaja. Ni nani?" Tukamfuata binti. Binti akabonyeza, akabonyeza, kompyuta ikajibu fundi cherehani. Binti akaanza kulia.

Nikaenda chumbani kwangu. Nikatoa mafaili yote ya wajawazito wa Njia ya Mlimani, nikayapanga juu ya meza. Nikaita jina, mama akaitika, nikampa faili lake alishike. Nikaita lingine. Nilipomaliza kuita, mikono arobaini ilikuwa na mafaili arobaini, na mezani lilibaki moja.

Lilikuwa la mke wa mwanangu.

Ndugu zangu, nikawaita vijana tukapanda mlima. Mkamwana wangu huyu, mbishi kama mimi, fundi alipomgongea alimjibu kutokea ndani, "Shangazi, ujumbe huo si wangu, mimi nimechoka tu, ni mimba." Akarudi kulala. Alikuwa wa nyumba ya mwisho, juu kabisa. Tulipofika tulimkuta hawezi kukaa. Vijana wakambeba, akaongezwa damu kule hospitali kubwa, akalazwa, na wiki sita baadaye akajifungua. Hicho kilio mnachokisikia pale kwenye safu ya tatu ni mjukuu wangu. Mwacheni alie. Nafurahi kumsikia.

Sasa Mheshimiwa, nieleze. Miaka thelathini na miwili mafaili yangu hayajawahi kumwita mtu yeyote. Lile faili lingekaa kwenye rafu limenyamaza mpaka tumzike. Ni kompyuta iliyosema kuna hatari, na bila kompyuta leo ningekuwa nimevaa nguo nyingine. Lakini kompyuta hiyohiyo haikujua ni hatari ya nani. Niishukuru? Niipige teke? Kila siku nikipita mbele yake nafuta vumbi juu yake, halafu naikunjia uso. Wenzangu wamezoea kuniona.

Na si hilo tu linalonichanganya. Mjukuu huyu alipoandikishwa, mama yake alikuwa bado hajatenganishwa, kwa hiyo mfumo unamjua kama mtoto wa fundi. Nilimpelekea fundi habari hiyo nikidhani tutacheka. Alicheka kweli. Halafu akainama juu ya cherehani akatafuta sindano ambayo ilikuwa mkononi mwake, akasema, "Dada, mkiwatoa wote kwenye jina langu, hamwezi kuniachia hata mmoja?" Fundi, nisamehe kwa kulisema mbele za watu, ila tangu siku ile sijapata jibu la kukupa.

Nimalize, naona mwenye ratiba anaangalia saa.

Asubuhi hii, kabla hamjafika, nilimkuta binti wa mfumo chumbani kwangu, amekaa sakafuni katikati ya mafaili ya Njia ya Mlimani. Nikamuuliza amewatoa wangapi ndani ya fundi. Akasema thelathini na wanne. "Na hao saba?" Akasema hawezi kuwatoa bila karatasi, maana vipimo vyao vya kwanza viko humo tu, na anahitaji siku tatu. Nikamuuliza, "Umewaambia wakubwa?" Akanijibu kwa sauti ya chini, "Bibi, ratiba ilikuwa imeshachapwa."

Mheshimiwa, ufunguo ni huu. Nimekuja nao shingoni kwa kamba, kama nilivyokuja nao kila siku. Nilipovaa gauni hili nilikuwa nimeshakubali kukukabidhi, kwa heshima zote, na nikalia kidogo nikaosha uso. Lakini humo ndani kuna wanawake saba ambao bado ni mtu mmoja. Watano hawajajifungua. Ujumbe ukija kesho, tutamtafuta nani, na tutamtafutia wapi? Mambo mengi ya leo siyaelewi, nimewaambia tangu mwanzo. Hili naona naelewa. Ufunguo nautoa siku binti atakaponiambia wa saba ametoka, hata kama siku hiyo mimi ni mstaafu nimekuja kwa miguu. Na lile faili moja lililobaki mezani Ijumaa ile, Mheshimiwa, badala ya kuteketezwa, naomba apewe fundi akae nalo.

Wauguzi wenzangu, asanteni kwa miaka yote. Daktari, asante kwa kunivumilia. Ndugu wafadhili, asanteni kwa kompyuta, nasema kweli, asanteni. Nanyi nyote nawashukuru kwa kunisikiliza juu ya kelele hizi. Dereva, baba, zima gari. Likikataa kuwaka, akina mama wa mlimani wapo hapa arobaini na wawili, na fundi nimemhesabu, watakusukuma.