Karata za Mashimo za Ruffin Mbayo

Baba padri, wajomba na mashangazi mliotoka Mutshatsha na Lubudi, majirani wa Manika, na ninyi vijana wachimbaji wa mashimoni mliosimama kule nyuma, sogeeni karibu, maana historia ya ndugu yetu inawahusu ninyi kuliko sisi tulioketi mbele.

Ruffin Mbayo alizaliwa Mutshatsha tarehe 14 Mei 1979, mtoto wa tatu wa mfanyakazi wa reli, akasoma shule ya msingi hapo hapo na sekondari Lubudi, ambako alifukuzwa wiki mbili kwa kukata daftari la hesabu na kuligeuza karata, na bado akapata diploma yake mwaka 1998. Mwaka 2001 aliajiriwa katika duka la uchapaji hapa Kolwezi, na tarehe 5 Agosti 2006 alifunga ndoa na Wivine Tshibola, wakajaliwa watoto wawili, Elisée na Jémima.

Mwaka 2015 wao wawili walianzisha nyumba ya kutengeneza michezo sebuleni kwao, yeye akichora na kuchapa, Wivine akikata karata kwa mkasi hadi vidole vikavimba. Walianza na mchezo wa karata wa soko, kisha mwaka 2021 wakatoa mchezo uliowapa jina, uitwao Chini, ambamo mmoja huwa msimulizi, wengine hujifanya mchimbaji, mnunuzi wa madini au mama muuza sahani za bukari, ugali wetu, wakarusha dadu na kufunua karata za mashimo, waone nani atatoka hai. Ruffin hakupenda uongo, hata wa mchezo, akawaomba wachimbaji wamchoree njia za kweli za chini ya ardhi, na hapo ndipo alipokosea, ndugu zangu, kwa kuwa mchimbaji humwambia mwenzake njia kwa mdomo kila asubuhi, haiweki kwenye karatasi. Tata Kyungu, mchimbaji wa miaka mingi, alimwonya mbele ya Wivine kwamba shimo halichorwi: "Shimo habaichoraka, Ruffin. Leo iko wazi, kesho inajifunga." Ruffin alimshukuru, akachapa pakiti mia nne.

Tarehe 9 Februari 2023, baada ya mvua ya siku tatu, vijana wawili kutoka Musumba, René na Hénock, waliingia katika shimo lililoachwa wakifuata karata namba saba, iliyoonyesha njia ya kutokea upande wa pili, njia ambayo ilikuwa imekwisha kuporomoka, na miili yao ilipotolewa karata ilikuwa mfukoni mwa René, imefungwa vizuri ndani ya plastiki. Tangu siku hiyo Ruffin hakucheka tena. Alifunga nyumba ya michezo, akaharibu mabamba ya kuchapia, akaanza kuzitafuta pakiti moja moja, mashimoni, sokoni, kwa treni hadi Lubudi, kwa miguu vijijini, akibembeleza, akilia mbele ya watu asiowajua, na katika miaka miwili alirudisha mia tatu themanini na moja.

Tarehe 2 Machi 2025 alianguka Lubudi kwa presha, upande wa kulia ukapooza, akaletwa hospitali hapa Kolwezi. Kila asubuhi alimuuliza mkewe zimebaki ngapi, naye hakuwa na jibu ila kumi na tisa, hadi tarehe 16, siku ambayo Wivine, akiwa njiani kwenda hospitali, alikuta karata namba saba ikiuzwa kando ya barabara ya mashimoni, si ile iliyochapwa bali fotokopi, rundo zima. Alipoulizwa siku hiyo, alimjibu mumewe, baba wa Elisée: "Zote zilisharudia, tata Elisée." Ruffin alimshika mkono, akalala, na alfajiri ya tarehe 17 akatutoka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na ya shemeji yetu Wivine imeishia mbele ya jeneza hili, ambapo mwenyewe ameomba uongo wake usomwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha nasi, wenzake wa uchapaji, na Tata Kyungu aliyechimba kaburi kwa mikono yake. Ninyi vijana, aliye na karata hiyo, iwe ya kuchapwa au fotokopi, aitupe kaburini kabla ya udongo, hatutamuuliza ameipata wapi. Vijana wanne walioahidi kubeba jeneza hawapo, tumeambiwa wameshuka shimoni tangu asubuhi, na hatujui wamebeba nini mfukoni.

Pumzika wewe, Ruffin. Sisi bado tunawasubiri.