Alama za Ushiriki za Mwalimu Sostenes

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Mwalimu Sostenes Magesa alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Mhunze, Kishapu, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1974 hadi 1980, na walimu wake walimsifu kwamba hakuwahi kusumbua mtu kwa maswali, sifa ambayo, ole wetu, ameingia nayo kwenye jeneza hili.

Mwaka 1992 aliajiriwa kufundisha umeme katika chuo kimoja cha wananchi mkoani Geita, vijana wakitoka machimboni kuja kutafuta fani, naye aliwapima kwa kipimo chake mwenyewe, kila mwisho wa kipindi akiuliza kama wameelewa, darasa likiitikia ndiyo kwa pamoja, na waliopaza sauti zaidi wakipata alama zote za ushiriki, wakiwemo ambao leo hatuthubutu kuwaachia hata balbu ya chooni.

Alifunga ndoa na Klara tarehe 6 Julai 1996 huko Kolandoto, wakajaliwa binti mmoja, Limi, ambaye mwaka 2019 aliingia darasa la baba yake, akanyoosha mkono akasema hajaelewa, akapewa sifuri ya ushiriki mbele ya wenzake na kuambiwa kwamba kuuliza ni kumdharau mwalimu, basi akajifunza kunyamaza, chuoni na nyumbani, na hilo somo, jamani, lilimwingia barabara.

Mwezi Februari 2025 kisukari kilimzidi Mwalimu, daktari akamweleza taratibu habari za sindano ya insulini na chakula, Limi akiwa pembeni anasikiliza, na marehemu alipoulizwa kama ameelewa alijibu ndiyo kwa sauti iliyosikika wodi nzima, kumbe hakuambulia kitu.

Asubuhi ya tarehe 3 Machi, nyumbani Nyasubi, alijichoma sindano, akausukuma uji kando akisema sukari inaletwa na kula, Limi amesimama mlangoni na swali lake, akaogopa kuliuliza. Kabla ya adhuhuri marehemu alianguka, na hakuamka tena.

Familia inamshukuru daktari, aliyeeleza vizuri kabisa, majirani waliombeba, walimu wenzake, na wanafunzi wake, ambao tangu jana wanaitikia kila kinachosemwa hapa msibani. Limi ameomba swali lake lisomwe, nalo ni fupi tu: Baba, si daktari alisema lazima ule?

Pumzika kwa amani, Baba Limi.