Dakika Kumi za Joakim Mabula Ndaki

Padri wetu, wazee wa Zagayu, wakwe zetu mliotoka Mwandoya, majirani, wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba, na wewe Meneja Constantine uliyepewa kiti cha mbele kwa heshima ya shati lako, familia inawaomba mtulie, maana haya yatasomwa mara moja tu.

Joakim Mabula Ndaki alizaliwa hapa Zagayu tarehe 3 Mei 1961, kitinda mimba wa mzee Mabula Ndaki, akalelewa mgongoni kwa dada yake mkubwa kwa kuwa mama yao alishinda shambani kwenye pamba, na tangu mdogo hakuwa mtu wa kuharakishwa, ukimtuma maji ataigeuza ndoo kwanza aone kama inavuja.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia 1969 hadi 1975, hakuchaguliwa kwenda sekondari, si kwa ujinga, nafasi zilikuwa chache na wenye wajomba walikuwa wengi, akachunga ng'ombe, kisha mwaka 1978 akaenda Mwanza kujifunza ufundi umeme, akarudi na cheti mwaka 1980.

Mwaka 1981 aliajiriwa kwenye kiwanda cha ushirika kule Maswa, akahudumia mota na jenereta miaka kumi na mitano, mpaka biashara huria ilipoingia, wanunuzi binafsi wakajaa kila gulio, na mwaka 1996 kiwanda kikafungwa, watu wakaambiwa wamepunguzwa, kama vile ni matawi ya mchongoma. Alitengeneza majokofu pale sokoni Bariadi hadi 1999, alipochukuliwa na kiwanda hiki cha mtu binafsi.

Alifunga ndoa na Nyamizi, binti wa mama Milembe wa Mwandoya, tarehe 17 Agosti 1985, ng'ombe wakatolewa wote bila ubishi, wakapata watoto wanne, Nyanda, Jenifer, Winnie na Januarius, ambao mnawaona pale, wasiulizwe kitu leo.

Mwaka 2005 ofisi za kiwanda ziliwekewa viyoyozi vya kisasa, vyenye bodi ya inveta, ya kupunguza na kuongeza mwendo wa mota, ndani ya lile sanduku la nje, na kwenye bodi hiyo kuna kapasita, vikopo vinavyotunza umeme mkali hata swichi ikishazimwa. Marehemu aliwafundisha wenzake kwa lugha ya zizini, kwamba ng'ombe aliyechinjwa bado ana teke lake la mwisho, usimshike miguu mpaka atulie. Basi kila mara alizima swichi kuu, akaitia kufuli lake, ufunguo mfukoni, akakalia kreti la soda dakika kumi akitazama saa, halafu akafungua kifuniko na kupima kwa mita, na mita ikishasema umeme umekwisha ndipo vidole vikaingia. Kwa kufanya hivyo miaka mitatu hakupata hata mchubuko, alichopata ni barua ya onyo ya tarehe 11 Agosti mwaka huu wa 2008, kosa uvivu, na barua hiyo tunayo.

Sanduku la nje waliliweka nyuma ya mashine za kuchambua, likawa linakula manyoya ya pamba na kuchemka kila wiki, akasema lihamishwe, akajibiwa kwamba likikaa mbele litaharibu sura ya jengo. Mwezi Julai mita ilikwisha betri, ikafungiwa stoo ikisubiri nyingine, akaiomba kwa maandishi mara tatu, betri ambayo ukubwa wake haufiki kiberiti.

Alhamisi tarehe 9 Oktoba, wageni wa kununua pamba wakiwa njiani, kiyoyozi cha Meneja kilizima kikaandika namba ya hitilafu. Marehemu alizima swichi kuu, akatia kufuli, akakaa kwenye kreti. Dakika ya nne Meneja akatoka na jasho lake, akamwuliza mbele ya watu, "Wewe mzee, umeme umezima, unatamia mayai?", akalisukuma kreti kwa kiatu na kumwambia kwamba akikaa tena, kesho asije. Mama mfagiaji alisikia yote, ameambiwa asiseme, kasema. Marehemu aliwatazama wenzake, hakuna aliyefungua mdomo, akafungua kifuniko, akainama, na teke la mwisho likampata kifuani kupitia mkononi. Alifikishwa hospitali saa saba mchana akiwa ameshakata roho, ana miaka arobaini na saba.

Kiwanda kimeandika kwamba ni uzembe wake. Na huku nyumbani wapo waliokwenda kupiga ramli, wakarudi na jina la mkwewe mama Milembe, eti ndiye mchawi, macho yake mekundu. Macho yale ni moshi wa jikoni wa miaka sitini, na siku hiyo alikuwa Mwandoya anaanika mahindi, swichi hajui inawashwa upande gani. Atakayeshika panga kwenda kwa bibi huyo ajue kwamba amepita mbele ya aliyeua akamwamkia. Kuanzia leo mama Milembe atalala kwa dada wa marehemu, mlango mmoja, kitanda kimoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, majirani kwa kuni na maji, mama mfagiaji kwa ulimi wake, na wafanyakazi wenzake kwa kuchimba kaburi, ingawa Alhamisi tulihitaji midomo yenu kuliko majembe. Jeneza limetolewa na Meneja, limefika.

Kabla ya udongo, tutanyamaza dakika kumi, Nyanda ameshika saa. Meneja, tunajua wageni wako wanakusubiri, kaa.

Nawe Joakim, tulia sasa, kaa mpaka zitimie, hapo ulipo hakuna wa kukuondolea kreti.