Tangi la Baba Yenu na Maji ya Bomba

Sogeeni, wanangu, kaeni pale ninapowaona wote watatu, na wewe kifungua mimba acha kunipangia mito, maana mikono yako leo inanitia kichefuchefu. Nimerudi jana kutoka hospitali baada ya wiki tatu, na kabla hata sijakaa nikalitazama tangi la samaki la marehemu baba yenu pale kwenye kona ya chumba cha kupigia pasi, nikatamani nirudishwe wodini. Majani aliyoyapanda humo kwa mikono yake, ambayo ukiwaondoa nyinyi ndiyo kitu pekee chenye uhai alichotuachia, yamekuwa manjano na kuota ukoko mweupe, na samaki wanahemea juu juu. Nanyi mkanipokea meno nje: "Mama, tumekusafishia."

Ptuu! Mmesafisha nini? Pipa la maji ya mvua mmelimwaga eti linaleta mbu, badala ya kulifunika. Maji ya tangi mmeyamwaga yote eti yana rangi ya chai. Kisha mkajaza ya bomba mpaka pomoni na kumalizia na kokoto nyeupe, urembo! Watoto wa dobi nyinyi, mmekulia kwenye mabeseni, mnajua fika maji ya bomba letu ni magumu, sabuni haitoi povu mpaka utoke jasho, birika linaota magamba ndani, na bado mkaona yanawafaa viumbe wa watu.

Sikilizeni, maana pumzi ya kurudia sina. Kokoto zile zitoeni leo, na mkibisha zidondosheeni siki, zikitoa povu mjue ni chokaa tupu. Maji msiyabadilishe yote kwa pupa mkawamaliza waliobaki. Kila baada ya siku tatu toeni ndoo moja mrudishe ndoo moja ya mvua, mpaka mwone jani jipya limetoka safi. Kuanzia hapo fuateni kipimo cha baba yenu, ndoo mbili za mvua kwa moja ya bomba iliyolala wazi siku nzima. Na maji yakipungua kwa joto, ongezeni ya mvua peke yake. Hilo la mwisho lishikeni, maana limenitafuna miaka tisa.

Nipeni maji ninywe. Si hayo ya bomba, jamani!

Nikiondoka, duka hili la dobi ni lenu watatu, na pasi za mvuke ni za kitinda mimba, ndiye pekee anayezizibua. Tangi si lenu, ingawa mtalitunza hivyo hivyo huko liendako. Msinikodolee macho. Mnakumbuka mwaka ule nilipomuuguza baba yenu mjini miezi mitano, nikamwachia mama yenu mdogo nyumba na tangi? Niliporudi kila jani lilikuwa limeoza, samaki wamekufa, na mbele yenu, mbele ya wateja na majirani, nikamwita mchafu, nikasema ameingiza mikono yenye sabuni kwa wivu wake. Akaapa kwamba hakutia sabuni humo. Nikamfukuza, hata maziko ya shemeji yake akayatazama kutoka barabarani. Majani haya mnayoyaona baba yenu aliyapanda upya akiwa mgonjwa, samaki nikanunua baadaye.

Mwaka uliofuata nilikuwa nazibua pasi kwa siki kama nilivyofanya maisha yangu yote, chokaa ikimwagika kwenye gazeti, nikaduwaa. Maji yanaondoka na mvuke, chokaa inabaki. Na mimi ndiye niliyemwagiza mdogo wangu, "Likipungua tu jaza ya bomba, kila siku." Akatii. Miezi mitano alitii, kila ndoo ikiacha chokaa yake mle ndani. Mimi, dobi wa miaka thelathini, nilijua jambo hilo kwenye pasi na sikulijua kwenye tangi. Na nilipolijua nikanyamaza, kwa sababu ya kiburi. Kwa hiyo msidhani ni nyinyi tu mnaonichefua. Ninayemtema mate kwanza ni mimi.

Nimemwita mama yenu mdogo. Ndiye yule aliyesimama mlangoni, anaogopa kuingia kwa dada yake. Mpisheni. Tangi ni lake. Samaki wabebeni kwenye ndoo za maji yaleyale, majani yafungeni kwenye magazeti yaliyolowa, na mtalibeba nyinyi wenyewe mpaka kwake, mchana, kwa barabara ileile niliyomfukuzia, na yeyote atakayeuliza mwambieni dada mtu alisema uongo.

Mdogo wangu, hapana, usinawe. Ingia hivyohivyo, utumbukize mkono humo, na hawa watoto waone. Mpaka kwenye kiwiko... Ndiyo. Nisamehe, mdogo wangu. Nanyi wanangu, Mungu awape nyumba isiyo na kinyongo... awape... Usiutoe kwanza. Nauona mkono wako, ni safi.