Boti ya Wiebe na Wageni wa Limburg

Usiku wa kuamkia Jumamosi honi ya boti ililia mara moja mtoni Spaarne, ikanyamaza. Asubuhi benchi letu la Haarlem halikuwa na habari nyingine. Tulikuwa wanne: Profesa, aliyeendesha basi miaka thelathini na hajawahi kumfundisha mtu, bibi Aaltje, tunayemwita Hazina kwa sababu kila kikombe cha kahawa hukipa biskuti moja, kisha anafunika kopo; Wiebe; na mimi. Wiebe aliketi pembeni, akiitazama boti yake iliyofungwa pale chini tangu mkewe afariki, miaka minne sasa. Boti ina jina la mke huyo. Tangu mazishi Wiebe hajalitamka, na pale ubavuni amelipaka rangi nyeupe. Nasi, kwa kumheshimu, tukaliacha.

Profesa alidai honi ilipigwa na mkunga, yule samaki kama nyoka, aliyejipenyeza kwenye betri. Hazina akasema ni majasusi wa Amsterdam, wanautaka mto wetu. Profesa akaafiki, ila akashikilia kwamba jasusi mwenyewe ndiye yule mkunga.

— Mkunga gani anajua honi, wewe? akauliza Hazina.

— Wa Amsterdam. Kule hata mikunga wanasoma.

— Na wewe ukaishia kwenye basi.

— Ni mimi, akasema Wiebe. Usingizi ulikataa, nikaenda kukaa ndani ya boti.

Tukanywa kahawa.

Ndipo wakaja Huub na Trees, mume na mke wa Limburg, kusini mwa nchi, waliokuwa wakisherehekea miaka thelathini ya ndoa. Kwa siku tano walikuwa wamepanda kinu cha upepo, wamesikiliza kinanda cha kanisa kuu, wamekwenda ufukweni Zandvoort kwa baiskeli na kurudi wakizisukuma kwa sababu ya upepo. Leo ilikuwa siku yao ya mwisho. Trees alitamani kufika kijiji cha Spaarndam kwa maji, lakini boti ya watalii ilikuwa imejaa. Profesa, ambaye mdomo wake hauna breki, akaonyesha boti ya Wiebe. Hazina akamkanyaga mguu, amechelewa.

— Inatembea, mzee? akauliza Huub.

— Inatembea, Wiebe akajibu taratibu. Ila ina kibanda kirefu juu. Bila daraja kufunguliwa, haipiti.

Huub akasema, si mlinzi wa daraja anaombwa tu? Profesa akaeleza, safari hii kwa sauti ndogo, kwamba mlinzi anaitwa kwa redio, na boti sharti ijitaje kwa jina.

— Basi inaitwaje? akauliza Trees.

Profesa, mwenye jibu la kila kitu, akaanza kuchunguza kiatu chake. Hazina akafungua kopo, akampa Trees biskuti, kisha, jambo tusilowahi kuliona, akampa ya pili.

— Samahani, nimeuliza vibaya?

— Hapana, dada, akasema Wiebe. Pandeni.

Injini ikakohoa, ikakubali. Tukawafuata kwa miguu kando ya mto, vikombe mkononi. Mbele ya daraja boti ikasimama. Wiebe akainua redio hadi mdomoni, akaishusha. Huub na mkewe walishikana mikono. Sauti ya mlinzi ikasikika redioni: boti iliyo mbele ya daraja, jitaje.

Wiebe akavua kofia.

— Fenna, akasema. Hapa ni Fenna, tunaomba kupita.