Dakika Arobaini za Jumba la Tetere

Mheshimiwa Meya wa wilaya; Padre Eleuterio wa parokia yetu; Bwana Mwenyekiti wa Chama cha Waongoza Watalii wa Lima Kongwe; wakazi wa mtaa huu; ndugu wageni waalikwa; na wewe, Nélida Huaringa, uliyekaa kiti cha nyuma ingawa nilikuomba ukae mbele: nawaamkia nyote kwa heshima.

Nashukuru kwa maua na kwa maneno ya Mwenyekiti, aliyesema kwamba kwa miaka thelathini na moja Griselda Oyarce hajawahi hata mara moja kumjibu mgeni "sijui". Mmepiga makofi. Ni kweli. Vijana wangu, si ndivyo nilivyowafunza? Mgeni akiuliza roshani ile ilichongwa mwaka gani, taja mwaka. Ukikosea, yeye keshokutwa anapanda ndege. Ukibabaika, kundi zima linaanza kutazama simu. Ndiyo kazi yetu, na mimi niliiweza mno.

Sasa mnataka nistaafu kwa kufunua kibao hiki cha shaba chini ya roshani ya Jumba la Tetere. Nimekisoma kabla hakijafunikwa. Kinasema roshani ilinusurika jumba lilipoporomoka, na kwamba jumba lilikuwa tupu. Nani aliwaambia lilikuwa tupu?

Wengi wenu mlimjua Don Fidencio, baba yake Nélida, fundi viatu aliyekaa chumba cha nyuma ya roshani ile miaka arobaini na minne. Kila Jumanne na Ijumaa nilisimamisha wageni pale chini nikawapa kisa cha bibi aliyejificha nyuma ya vibao vyenye matundu akimsubiri mchumba. Nilikitunga mwenyewe, Mungu anisamehe. Nikifika kwenye maneno "na mpaka leo bado anasubiri", Don Fidencio aligonga mara tatu kutoka ndani kwa nyundo yake ya viatu. Wageni waliruka! Mjerumani mmoja alijimwagia kahawa kifuani. Kisha mzee alichungulia dirishani akanitania: "Doña Gris, leo umemzeesha bibi yetu! Juzi alikuwa na miaka ishirini!"

Mwaka jana mwezi wa Machi mvua ikanyesha. Nasema mvua, si ule ukungu unaolowesha kola tu, ambao sisi watu wa Lima tunauita mvua na kuulalamikia. Mapaa yetu ya udongo hayakujengwa kuhimili maji, na lile la Jumba la Tetere liliyanywa siku tatu mfululizo. Wakazi wakahamishwa kwa amri. Don Fidencio akaenda kwa binti yake huko Comas.

Mimi nikampigia simu. Mnanisikia? Mimi. Nikamwambia kisa kimepooza bila nyundo yake.

"Mama, ukuta umevimba kama shavu lenye jino bovu," alisema. "Na amri imebandikwa mlangoni."

"Pitia uani, baba. Dakika tano tu. Wageni wametoka mbali."

"Haya. Lakini huyu bibi yako ataniua."

Tulicheka sote wawili. Akawa anakuja, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, wiki sita.

Ijumaa ile, saa sita kasoro, nilikuwa na wageni kumi na wanne. Nikasema maneno yangu. Kimya. Nikayarudia kwa sauti zaidi. Ndipo jumba likashuka lote nyuma ya roshani, na roshani yenyewe haikutikisika. Vumbi tu lilitoka kwenye matundu yake. Mama mmoja mgeni alipiga makofi, akidhani ni sehemu ya kisa.

Wazimamoto walifika upesi. Kapteni wao akanishika mkono: "Mama, kuna mtu ndani?"

Ndugu zangu, sikuwa nimesikia nyundo. Huenda alikosa basi. Huenda alisimama kunywa emoliente yake ya moto pale kwa muuzaji wa kona. Sikujua. Jibu la kweli lilikuwa neno moja, na ninyi nyote mnalijua. Lakini wageni walikuwa wamenizunguka, beji iko kifuani, na mdomo ukajibu wenyewe, vizuri, kama kawaida yake: "Hapana, Kapteni. Jumba ni tupu tangu Machi."

Kwa nini asiniamini? Akawarudisha watu nyuma, akafunga gesi, akazungusha utepe. Na mimi nikaendelea na ziara. Niliwashusha wale kumi na wanne chini ya kanisa la San Francisco, nikawaeleza juu ya mifupa ya wafu wa kale iliyopangwa duara, na katikati ya maelezo nikawaacha hapohapo. Nikapanda juu kumpigia simu Nélida. Nikamuuliza kijuujuu tu, "Mzee yupo?"

"Amekuja huko kwako, Doña Gris. Ametoka saa mbili asubuhi."

Nilikimbia. Nilipiga kelele barabara nzima. Zilikuwa zimepita dakika arobaini. Nélida, kwenye mazishi ulinibusu, ukanishukuru kwamba mimi ndiye niliyewaambia wachimbe. Nikakuacha unishukuru. Taarifa ilipoandikwa kwamba mzee aliingia kwa hiari yake, kinyume cha amri, nikatia sahihi.

Daktari aliyempokea alikuwa jirani yangu. Aliniambia hakuvunjika hata mfupa mmoja. Boriti mbili zilimkinga. Ni vumbi, lilimjaa mapafuni polepole. Aliniambia kunifariji, maskini, akidhani nitafurahi kwamba mwili ulikuwa mzima. Nimekaa na neno hilo, "polepole", miezi kumi na mmoja, na sioni siku litakayonitoka. Siombi msamaha, kwa sababu sioni wa kuutoa isipokuwa yeye, na yeye yuko udongoni.

Mheshimiwa Meya, kibao kifunueni wenyewe, au kitupeni. Kwa vyovyote sitakishika. Nawashukuru wote mlionisikiliza mpaka mwisho. Don Fidencio, kwa dakika arobaini, hakupata hata mmoja wa kumsikiliza.